Jukwaa Likishavunjwa, Anabaki Nani?

Barua ya wazi kwa wajumbe wa kamati za misioni na uinjilisti, sharikani na parokiani

Waheshimiwa wajumbe,

   

Msimu wa mikutano ya injili mnaujua kuliko mtu yeyote. Mavuno yakishaingia ghalani na mvua ikishakatika, lori linafika uwanjani na mabomba ya jukwaa, spika kubwa na jenereta. Kwaya zinapangiana zamu. Mhubiri mgeni anapokewa stendi na kutafutiwa nyumba ya wageni yenye maji ya uhakika. Siku saba watu wanaimba, wanalia, wanaombewa. Jumapili jioni mafundi wanafungua bolti, lori linaondoka, na Jumatatu asubuhi uwanja unarudi kwa wenyewe: mbuzi, watoto wa shule wanaokatiza, na mama wa vitumbua anayehesabu faida ya wiki nzima.

Wiki mbili baadaye ripoti iko mezani penu. Waliohudhuria wangapi, waliookoka wangapi, waliofunguliwa wangapi, sadaka kiasi gani, gharama kiasi gani. Ni nadra kukuta katika fomu ya namna hiyo safu inayouliza nani amebaki na wale walionyoosha mikono. Barua hii inahusu safu hiyo.

Wajibu wenyewe hauna mjadala. Injili ya Mathayo inaishia kwenye agizo la kuwaendea mataifa yote, na mwandishi wake hakuficha kwamba baadhi ya wale kumi na mmoja waliopewa agizo hilo mlimani Galilaya walikuwa bado wana shaka. Hawakuambiwa wangoje mpaka shaka iishe. Kwa hiyo Mkristo anayesema kuhubiri ni kazi ya mchungaji, au ya mwenye karama ya maikrofoni, hana pa kujificha. Lakini Maandiko hayohayo yanasimulia pia kazi ilivyofanyika. Paulo, mtu asiyetulia mahali, alikaa Korintho mwaka 1 na miezi 6, na Efeso kama miaka 3. Yule Mgerasi aliyetolewa pepo aliomba kuondoka na Yesu mashuani, akakataliwa. Akatumwa nyumbani, kwa watu waliomjua tangu alipokuwa akilala makaburini. Ndiye aliyeitangaza habari hiyo katika Dekapoli, na alianzia mtaani kwake.

Afrika Mashariki nayo ina ushahidi wake, na unaanzia kaburini. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha Kiingereza cha CMS, alifika Mombasa mwaka 1844. Mkononi alikuwa na barua ya Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, iliyowataka maliwali wampokee vizuri. Mwezi Juni akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, lugha aliyokuwa bado anaisoma kwa Waislamu wa mji ule. Mwezi Julai mkewe Rosine akafa kwa homa, na kitoto chao kichanga kikamfuata baada ya siku chache. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara, naye Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani.

(Mwenye haraka ya kuwasema vibaya majirani zake Waislamu jukwaani angesimama kidogo hapa. Kibali cha kuingia pwani kilitoka kwa Sultani Mwislamu. Walimu wa lugha walikuwa Waislamu. Hata neno Injili, pamoja na msalaba, kanisa na sadaka, yalifika katika Kiswahili kwa njia ya Kiarabu.)

Johannes Rebmann alimfuata Krapf mwaka 1846, wakajenga kituo Rabai, juu ya vilima nyuma ya Mombasa. Mwongofu wao wa kwanza, Mringe, alikuwa mtu mwenye ulemavu, na hakuishi muda mrefu baada ya kubatizwa. Rebmann ndiye aliyeiona theluji ya Kilimanjaro Mei 1848, na msomi mmoja wa London ambaye hakuwahi kukanyaga bara hili akambishia kwa miaka. Krapf alirudi Ulaya mwaka 1853. Rebmann akabaki hadi 1875, alipoondoka akiwa kipofu, akiongozwa njiani na Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja, mmoja wa Wakristo wa mwanzo wa Rabai. Miaka 29, na waumini wa kuhesabika kwa vidole.

Hebu mjazieni fomu yenu. Waliohudhuria: wachache. Waliookoka: vidole vya mikono. Gharama: macho na ujana. Kamati gani ingempitishia bajeti ya mwaka wa pili?

Hata hivyo watumwa walioachwa huru walipoletwa pwani katika miaka ya 1870, na kijiji cha Freretown kikaanzishwa kwa ajili yao karibu na kisiwa, Rabai ilikuwa tayari ipo, ina watu, ina kamusi, ina lugha. Kengele ya Freretown imeacha jina mpaka leo. Makondakta wa matatu wanaoita abiria wa Kengeleni huenda hawajui kwamba wanaitangaza misheni. Waliosukuma kazi hapo hawakuwa Wazungu peke yao. Kulikuwa na walioitwa Waafrika wa Bombay, watumwa waliookolewa baharini wakiwa watoto na kusomeshwa India. Wawili kati yao, William Jones na Ishmael Semler, walipewa ushemasi mwaka 1885. Askofu James Hannington alipouawa Busoga mwishoni mwa mwaka huohuo, ni Jones aliyeuongoza msafara uliobaki kurudi hadi Rabai, mamia ya kilometa kwa miguu.

Upande wa Zanzibar hadithi inakwenda vilevile. Wamisionari wa UMCA waliweka jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini mwaka 1873, pale lilipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka huo, na saa ya mnara wake ilitolewa na Sultani Barghash. Watalii hupiga picha hapo kila siku. Ni wachache wanaoulizia habari za Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao, akachukuliwa utumwani angali mtoto, akakombolewa, akasomeshwa na misheni. Mwaka 1886 alitumwa Chitangali, upande wa Masasi, akaishi huko na familia yake kati ya Wayao wenzake, mbali na macho ya askofu. Mwaka 1890 akawa padre wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo. Kanisa la kusini ya Tanzania lina deni kwake. Ni deni kwa mtu aliyerudi kuwahubiria watu wa kabila lilelile alikotekwa.

Na sasa Apolo. Kama kamati ina nafasi ya kusoma maisha ya mtu mmoja tu kabla ya kupanga ratiba ya mwaka, yawe ya Apolo Kivebulaya.

Alizaliwa Buganda karibu mwaka 1864, akaitwa Waswa, jina la pacha. Alikuwa askari kabla hajawa mwalimu, na kwa muda mrefu alivaa koti jekundu la kijeshi. Ndipo watu wakambandika Kivebulaya, yaani kitu kilichotoka Ulaya. Mzaha huo una uchungu wake, kwa sababu huyu aliyeitwa kitu cha Ulaya alikwenda mahali ambapo hakukuwa na Mzungu wa kumshika mkono. Alibatizwa mwaka 1895. Mwaka uliofuata alivuka mto Semliki hadi Mboga, nchi ambayo baadaye mpaka wa wakoloni uliiacha upande wa Kongo ya Wabelgiji.

Walimu wawili Waganda walikuwa wamemtangulia. Mtawala wa Mboga, Tabaro, aliwakataza watu wake wasiwauzie chakula, na njaa ikawarudisha. Apolo aliposusiwa vivyo hivyo, akachukua jembe akalima. Tuseme wazi hapa kwamba hiyo ndiyo tofauti kati ya mgeni wa wiki moja na mtu aliyekuja kukaa: wa kwanza anategemea chakula cha wenyeji, wa pili anapanda viazi. Alifundisha kusoma, maana siku hizo huko Uganda Mkristo na msomaji lilikuwa jambo moja. Alipigwa. Mwanamke wa ukoo wa mtawala alipokufa kwa ajali ya mkuki, lawama ikamwangukia Apolo, akapelekwa hadi Fort Portal akiwa mfungwa. Alipoachiwa, alirudi Mboga kulekule. Hatimaye Tabaro mwenyewe akaomba ubatizo.

Apolo alipewa ushemasi mwaka 1900 na upadre mwaka 1903, akafanya kazi Toro kwa miaka kadhaa, kisha akarudi Mboga. Akiwa na umri ambao wengine wanaulizia pensheni, aliingia msitu wa Ituri kwa Wambuti, akajifunza lugha yao, akasimamia Injili ya Marko itafsiriwe kwayo. Wa kwanza wao walibatizwa mwaka 1932. Alikufa Mei 1933. Alikuwa ameagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, kinyume cha desturi, upande wa msitu ambao kazi ilikuwa haijaisha. Kanisa Anglikana la Kongo, lililopata hadhi ya jimbo linalojitegemea mwaka 1992, linahesabu mwanzo wake pale Mboga, na mashariki mwa nchi hiyo waumini wake wengi wanasali kwa Kiswahili.

Wajumbe watasema: hao ni watu wa zamani, siku hizi watu wana simu na hawana muda. Basi tuje karibu zaidi, Loliondo.

Padre Vincent Donovan, Mmarekani wa shirika la Roho Mtakatifu, alikuwa katika misheni ya Loliondo katikati ya miaka ya 1960. Misheni ilikuwa na shule, ilikuwa na hospitali ndogo, ilikuwa na gari lililochimba mashimo barabarani kwa kupeleka wagonjwa na mahindi. Wamasai waliipenda. Mwaka 1966 alimwandikia askofu wake barua ambayo ingepaswa kusomwa katika kila kikao chenu. Alimweleza kwamba pamoja na huduma zote hizo hakukuwa na Mmasai mtu mzima aliyekuwa Mkristo wa kweli, na kwamba dini yenyewe karibu haikuwahi kutajwa bomani. Aliomba kitu kimoja: ruhusa ya kwenda kwenye maboma kuzungumza nao habari za Mungu, bila shule na bila dawa mkononi.

Alikwenda kwa wazee, akawaeleza shida yake. Mzee mmoja aitwaye Ndangoya akamrudishia swali: kama hilo ndilo lililokuleta, mbona umechukua muda mrefu hivi kutuambia?

Swali hilo linamhusu pia Mkristo wa mjini anayekaa nyumba moja ya kupanga na jirani yake miaka 8, wanakopeshana chumvi na mkaa, wanazikana, na siku moja jirani anashangaa kusikia kwamba mwenzake ni mzee wa kanisa.

Donovan alifundisha karibu mwaka mzima, akikutana na kila boma mara moja kwa wiki, asubuhi na mapema kabla ng'ombe hawajatoka. Ulipofika wakati wa ubatizo, alianza kuwachuja kama mwalimu anavyochuja daftari. Huyu mzee amekosa vipindi vingi. Yule hakuelewa. Wale hawana bidii. Ndangoya akamkatiza. Wavivu walisaidiwa na wenye bidii, akasema, na wazito wa kuelewa walibebwa na wepesi. Kama ni imani, basi ni ya boma lote. Donovan akakubali, akawabatiza wote. Kisa hicho kimo katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1978, na wasomi wa misioni wanakibishania hadi leo. Wengine wanasema Donovan alikosea kuamini kwamba mhubiri akishabatiza na aondoke. Ubishi huo ni wa haki. Lakini mwandishi wa barua hii anaona Ndangoya ameujibu nusu tayari: wa kubaki wapo, ni boma lenyewe. Mgeni anaweza kuondoka iwapo ameacha nyuma watu wanaobebana. Akiondoka ameacha mabango tu, hilo ni jambo jingine.

Ndivyo ulivyoenda pia uamsho uliowaka Gahini, Rwanda. Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Joe Church, Mwingereza, walikaa pamoja Namirembe, Uganda, mwezi Septemba 1929, wakisoma Biblia na kuomba. Hakukuwa na jukwaa. Katika miaka ya 1930 moto ukasambaa Uganda na Burundi, ukaingia Kenya na Tanganyika, na uliyemwona ameokoka ulimjua kwa mambo ambayo hayahitaji spika: alirudisha jembe aliloiba, alikwenda kulipa kodi aliyokwepa, alimwomba mkewe msamaha mbele ya watu. Katika Kenya ya miaka ya 1950 wengi wa ndugu hao walikataa kula kiapo cha wapigania uhuru na pia walikataa kushika bunduki za serikali, na baadhi yao waliuawa kwa hilo. Ushuhuda wa namna hiyo hauwezi kukodishwa kwa wiki.

Papa Paulo wa Sita aliwaambia maaskofu wa Afrika mjini Kampala mwaka 1969 kwamba sasa Waafrika ni wamisionari wao wenyewe. Miaka miwili baadaye Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbiteri la Kenya alisimama Marekani akataka wamisionari wa kigeni warudi kwao kwa muda, ili makanisa ya hapa yasimame kwa miguu yake. Wakati ule maneno yake yaliwaudhi wengi. Kinachoudhi leo ni kwamba nusu karne baadaye, katika sharika zenu, wapo wainjilisti wa mtaa wanaotembea kwa baiskeli ya zamani, wanaobatiza wagonjwa usiku, wanaofundisha kipaimara chini ya mwembe, na posho yao imechelewa miezi mitatu. Wakati huohuo spika zililipiwa kabla hazijapakiwa kwenye lori. Mhubiri mgeni naye alipewa bahasha kabla hajapanda basi. Katekista wa kigango aliwapikia waimbaji wa kwaya kwa wiki nzima, kisha akaombwa achangie mafuta ya jenereta.

Si haki kusema kwamba mikutano haina kazi. Mahubiri ya viwanjani ya Askofu Moses Kulola, aliyefariki Agosti 2013, yaliwafikia Watanzania wengi, lakini nyuma yake lilibaki kanisa, EAGT, lenye watu wa kuwalea hao walioitika. Jukwaa lina mahali pake. Tatizo linaanza pale jukwaa linapokuwa kazi yote, na hasa linapoahidi zaidi ya injili.

Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana uwanjani kuyafikia mafuta yaliyosemwa kuwa ya upako. Aprili 2023 polisi wa Kenya walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi; idadi ya miili ilipita 400, watu waliofundishwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kumwona Yesu. Shakahola na Rabai zote ziko katika kaunti moja. Hakuna aliyeuawa na Agizo Kuu hapo. Waliuawa na mafundisho ya mhubiri ambaye ndani ya kanisa hakuna aliyemuuliza maswali: wala kamati, wala wazee wa kanisa, wala ndugu wa kumkatiza kama Ndangoya alivyomkatiza padre. Na pale kanisa linaposhindwa kuuliza, serikali inauliza kwa niaba yake. Mwaka 2018 Rwanda ilifunga mamia ya makanisa mjini Kigali kwa sababu za usalama, usafi na kelele, na baadaye ikaweka sharti la wachungaji kuwa na elimu ya theolojia.

Kuhusu kelele, Kenya ina kanuni tangu 2009 na Tanzania tangu 2015. Mkesha wa injili unaomnyima usingizi mjamzito wa nyumba ya pili umeshamhubiria tayari, na si habari njema alizozisikia.

Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 19, inamhakikishia kila mtu uhuru wa kuchagua dini na hata kuibadilisha, na inaiacha kazi ya kueneza dini iwe huru na ya hiari. Ibara ya 32 ya Katiba ya Kenya nayo inalinda uhuru huohuo. Uhuru huo unamlinda mhubiri, na unamlinda vilevile Mwislamu anayepita na kikapu chake kuelekea sokoni asitukaniwe Mtume wake kwa spika ya wati elfu. Mihadhara ya miaka ya 1980 na 1990 huko Dar es Salaam, ambapo watu wa pande zote mbili walikuwa wakipigana kwa aya za kitabu cha wenzao, ilijaza viwanja na kuacha majirani hawasalimiani. Petro, katika waraka wake wa kwanza, anataka Mkristo awe tayari kulijibu swali la tumaini lake, na hapohapo anaweka sharti la upole na heshima. Maana yake swali liwe limeulizwa. Ili mtu akuulize, lazima awe amekuona kwa muda.

Vikundi vya nyumbani mnavyo. Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliamua katika miaka ya 1970 kujenga kanisa juu ya jumuiya ndogondogo, na leo kila Jumamosi asubuhi, au Jumatano jioni, familia kumi hivi zinakaa kwenye mkeka wa mmojawao. Makanisa mengine nayo yana jumuiya zao. Hapo ndipo yule aliyenyoosha mkono uwanjani angepaswa kukaribishwa Jumanne, kabla jirani hajamuuliza kwa dhihaka kama wokovu umeshapoa. Lakini ni mara ngapi kiongozi wa jumuiya anapewa majina ya walioitika? Mara nyingi orodha inapanda juu hadi jimboni, haishuki hadi mtaani.

Barua hii haiombi mengi. Katika bajeti ijayo, gharama za mkutano mmoja wa injili zikatwe robo, na robo hiyo ilipe malimbikizo ya posho za wainjilisti kabla ya kitu kingine chochote. Fomu ya ripoti iongezewe safu mbili: jina la mtu wa mtaa atakayewatembelea walioitika, na idadi ya waliobaki baada ya miezi sita. Mhubiri anayetangaza uponyaji alete majina ya walioponywa kwa mganga mkuu wa wilaya, au aache kutangaza. Na mjumbe mmoja wa kamati, yeyote, akae na mwinjilisti wa mtaa wa mbali mwezi mzima, alale anapolala, ale anachokula, ndipo arudi kuzungumzia mpango mkakati wa miaka mitano.

Pengine safu ya waliobaki itaaibisha. Mkutano wa gharama kubwa unaweza kuonyesha watu watatu. Iacheni hivyohivyo, msiifute kwa kalamu nyekundu. Rabai nayo ilikuwa na namba kama hiyo kwa miaka 29.

Kikao cha bajeti kinakaribia. Mwandishi wa barua hii atakuwa nje, kwenye benchi la mbao, akisubiri kusikia kama ajenda ya wainjilisti imefikiwa au imeahirishwa tena kwa sababu ya muda.

Wenu katika Kristo,
Msharika wa mtaa

Nakala: Mtunza Hazina, pamoja na orodha ya posho zisizolipwa.